Somo: Mzazi, achana na zege la kila jioni

Mimi ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka mingi chakula changu cha jioni kilikuwa zege, yaani chipsi mayai, na soda baridi. Wanachama wenzangu wa jogging mnaniuliza nilianzia wapi. Nilianza kwa kuangalia saa, mizani ilikuja baadaye sana.

Hatua ya 1: Ijue saa yako. Hamu ya chipsi haikusumbui kutwa nzima. Kwa wengi wetu inakuja kati ya kushuka kwenye daladala na kufika nyumbani. Mchana ulikula kidogo, foleni imekuchosha, na pale kituoni karai linachemka, mayai yanagongwa, muuzaji anakuuliza tu, "Kama kawaida, mama?" Ukifika pale na njaa, utanunua. Kwa hiyo kula kabla. Kwenye saa kumi na moja, ungali kazini, kula yai la kuchemsha, ndizi mbivu au karanga za kujaa kiganja. Ukiweza hatua moja tu katika somo hili, shika hii.

Hatua ya 2: Anza na soda, chipsi zifuate. Kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi sukari ya kuongezwa isifike hata gramu 25 kwa siku, na hapo chai ya asubuhi hujaihesabu. Punguza taratibu: kunywa siku moja, ruka siku moja, hadi ibaki ya Jumapili. Aliyezoea kola kichwa kinaweza kumuuma siku za mwanzo kwa sababu ya kafeini. Kitapoa.

Hatua ya 3: Chakula kitangulie njaa. Jumapili chemsha maharage mengi, yagawe kwenye vibakuli vyenye mifuniko, weka kwenye friza. Jioni unaunga tu kwa kitunguu na nyanya, unachambua mchicha, unasonga ugali. Kibandani ungesubiri foleni muda huohuo.

Hatua ya 4: Mwili. Lengo ni dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki: nusu saa, siku tano. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Mara mbili kwa wiki, chuchumaa na kuinuka hadi mapaja yachoke. Mbio zisubiri mpaka uweze kwenda nusu saa bila kusimama.

Maswali ya wanachama

*Dada, mwanangu analia tukipita kibandani. Nifanyeje?*
Badilisha njia kwa wiki chache, na mpe chakula kabla ya kutoka. Chipsi zisiwe zawadi ya kunyamaza wala ya kufaulu mtihani, maana hapo ndipo mtoto anazipenda kuliko chakula kingine. Viazi mnaweza kuvipika nyumbani siku moja moja, naye akamenya.

*Juisi ya pakti si afadhali kuliko soda?*
Sukari yake inahesabiwa vilevile, hata ya juisi ya matunda matupu. Kula chungwa lenyewe na nyama zake.

*Wiki nzima nilijitahidi, Jumamosi harusini nikala kila kitu. Nianze upya?*
Hapana, kaka. Mlo unaofuata kula kama kawaida. Usijishindishe njaa kufidia, njaa hiyo ndiyo itakayokurudisha kituoni.

*Nina kisukari na natumia dawa. Naweza kufuata hatua hizi?*
Mama yangu, ongea kwanza na daktari wako. Baadhi ya dawa za kisukari zinaweza kushusha sukari kupita kiasi ukipunguza chakula ghafla au ukiongeza mazoezi. Muulize pia ubebe nini mfukoni unapotembea, na usitembee peke yako kwa sasa. Jumamosi njoo, nitatembea na wewe nyuma ya kundi.