Mwanangu, Mumbai Itakudanganya Kuwa Unaijua

Umeniambia viza ya masomo imetoka na Juni ndiyo safari. Hongera, mwanangu. Badala ya kunipigia simu kila usiku, soma haya, kisha uje Kibokoni unywe kahawa tuyamalize yaliyobaki.

Nimekaa Mumbai miaka mitatu nikisimamia vitambaa vya duka moja la Biashara Street hapa Mombasa. Kilichonitesa hakikuwa ugeni, kilikuwa ni kudhani napajua. Utasikia watu wakisema duka, chai, chapati, achari, gari, hata treni waiita gari, ujione bado uko Marikiti. Hapo ndipo utakapoteleza.

Anza na majina ya kuitana. Mtu akiitwa dada, usitafute mwanamke: kwa Kimarathi, lugha ya huko, dada ni kaka mkubwa. Kaka ni ami. Mama, niwie radhi, ni mjomba. Mwanamke aliyekuzidi kidogo mwite tai, na mtu mzima mwite maushi. Jirani yangu aliniambia mama yake yuaja kunitengenezea mfereji. Nikajitanda vizuri, nikateleka chai ya heshima. Akaingia mzee wa masharubu na spana mkononi.

Halafu saa. Nilimwambia dalali wa nyumba (na huko pia ni dalal) tuonane "do baje", yaani saa mbili, nikikusudia saa mbili zetu za asubuhi. Nilikaa nje ya lile jengo mpaka adhuhuri nikimlaani. Yeye akaja saa nane mchana akitabasamu, kwa hesabu yake ni saa mbili kamili, na nyumba ishachukuliwa na mwengine. Kwa hiyo ukitaka kusema saa mbili asubuhi, sema nane. Nao wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Usiisahau hiyo nusu ukampigia nyanyako simu yuko katika sala. Na fundi akikuahidi "kal", jua kwamba kal ni kesho na pia ni jana. Mimi nimeona mafundi wanaotumia faida hiyo.

Nyumba. Mwaka wa kwanza, hosteli ya chuo ukiipata, ishike. Ukikosa, utatajiwa nyumba kwa herufi: 1 RK ni chumba na jiko, 1 BHK ni chumba cha kulala, sebule na jiko. Mkataba kwa kawaida ni wa miezi 11. Dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba hutaka amana ya miezi kadhaa, kwa hivyo usifike na pesa za mwezi mmoja ukadhani umejikimu. Kabla ya kutoa hata rupia, uliza mambo mawili. La kwanza, maji huja saa ngapi? Majengo mengi hupata maji kwa masaa maalumu, na wewe uliyekulia kwenye mikokoteni ya mitungi hutashangaa, ila lazima ujue ni alfajiri au jioni. La pili, jengo laruhusu nyama? Kuna majengo ambayo harufu ya samaki wako itakuitia kikao cha wakaazi. Kuna pia wasiotaka mgeni, wala Mwislamu, wala msichana asiye na mume. Mimi nina yote matatu. Nilikataliwa nyumba nne, moja baada ya mwenyewe kunisifu sana kwa simu kabla hajaniona. Usibishane nao, jua linazama bure. Nenda nyingine.

Mwenye nyumba anatakiwa ajaze mtandaoni fomu ya kumripoti mgeni (iliyojulikana kama Fomu C) ndani ya saa 24 tangu umeingia kwake. Msimamie mpaka aijaze. Nawe, kwa kuwa viza yako ni ya zaidi ya siku 180, jiandikishe kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu ufike India. Usingoje ya 13.

Sasa treni, na hapa sikiza sana. Ubao wa stesheni utaonyesha treni yaenda wapi, pamoja na herufi: S husimama kila kituo, F huruka vingine. Ukipanda F bila kuangalia, utakiona kituo chako kikipita dirishani. Tafuta behewa la wanawake. Milango ya treni za kawaida haifungwi, kwa hivyo mkoba uvae kifuani. Ukiingia, mwanamke atakuuliza "kahan utrogi?", utashuka wapi? Si udaku. Anaweka nafasi ya kiti chako, na wewe uliza hivyo hivyo. Benchi ni la watu watatu, lakini wa nne huambiwa asogezewe, akakaa kwa paja moja, kama matatu ya Likoni jioni. Kituo kimoja au viwili kabla ya kushuka, anza kusogea mlangoni, ukimuuliza aliye mbele yako kama naye anashuka hapo. Na usipande treni ya haraka ya Virar jioni ikiwa waenda Borivali, kabla ya Virar: wa Virar wana safari ndefu, na hawatakupisha kirahisi.

Tuktuk kule huitwa riksha. Sisi hupatana bei, wao hufuata mita. Mwambie tu "meter se". Zaishia Bandra na Sion. Kuingia mjini kusini, panda teksi nyeusi na manjano.

Chakula hutapata tabu. Vada pav ni kachori ya mbatata ndani ya mkate (na viazi waviita batata), pilipili juu, wala hutaikinai. Nyama ya ng'ombe isahau: tangu 2015 sheria ya jimbo lao, Maharashtra, yakataza hata maksai, kwa hivyo inayouzwa ni ya nyati wa kufugwa. Ramadhani nenda Mohammed Ali Road baada ya magharibi, uende na njaa.

Utafika mvua zikianza. Ule upepo wa kusi uliosukuma majahazi yetu ndio unaowapelekea mvua mpaka Septemba. Tarehe 26 Julai 2005 kituo cha hali ya hewa cha Santacruz kilipima milimita 944 kwa siku moja. Wewe ni mtoto wa pwani, basi tumia elimu yako: mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji hayana pa kutokea, yabaki mitaani. Magazeti hutaja saa za maji kujaa. Ziangalie kabla ya kutoka. Siku hizo epuka mtaa wa Hindmata na njia ya chini ya reli ya Andheri. Ukilazimika kupita kwenye maji na una kidonda mguuni, muone daktari mapema umweleze, kwa sababu ya ugonjwa unaoletwa na mkojo wa panya.

Viatu vya ngozi viache kwa mamako. Champali utanunua huko huko, na jina ni hilo hilo, chappal. Iliki usibebe, utachekwa. Beba picha za paspoti ishirini, mabuyu ya kuhonga marafiki, na leso doti mbili: moja ya kujitanda, nyingine ya kufutia miguu ukirudi kutoka stesheni.