Somo: Mteja aone jina lako kabla hajaweka namba ya siri

Habari zenu wakuu. Sote tunauza mtandaoni, mbele ya watu waliochoshwa na ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mama yangu mdogo alilipia seti ya sufuria kwenye tovuti fulani. Simu ikamletea jina la mtu asiyemjua, akasita, kisha akaweka namba ya siri hivyo hivyo. Sufuria hazijafika mpaka leo, na tangu siku hiyo hanunui kitu mtandaoni, hata kwangu mimi mwanawe.

Hatua ya 1: Jina moja kila mahali. Hapa ndipo wengi tunapopoteza wateja. Tovuti inasema hivi, ukurasa wa Instagram vile, na pesa inaingia kwa jina la shemeji. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, maombi yanafanyika mtandaoni. Kisha omba Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, kwa jina hilo hilo. Jilipe shilingi 1,000 kwa simu nyingine na usome kinachotokea kwenye skrini. Jina likitofautiana hata kidogo na la tovuti, rudi kwa aliyekupa Lipa Namba lirekebishwe kabla hujatangaza chochote.

Hatua ya 2: Anwani ya tovuti ianze na https. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huziandikia tovuti zisizo nayo kwamba si salama. Https inahitaji cheti, na cha Let's Encrypt ni cha bure, mwambie anayekuhifadhia tovuti akuwekee.

Hatua ya 3: Piga picha mzigo wako mwenyewe. Picha za kuokota mteja ameshaziona kwenye maduka kumi. Tandaza gauni mezani, weka futi kamba juu yake, piga. Kwenye viatu andika urefu wa unyayo kwa sentimita, maana namba 40 ya kiwanda kimoja si 40 ya kingine.

Hatua ya 4: Eleza safari ya mzigo. Nauli ya bodaboda ni ya nani? Wa mikoani anapanda basi lini? Mtumie mteja picha ya stakabadhi ya basi, namba za gari zikisomeka.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, mimi sina fremu, nauzia nyumbani. Niandike nini?
Andika hivyo hivyo, mdogo wangu: "Tunatuma kutoka Tabata, hatuna duka la kuingia." Usiandike Kariakoo kama hupo. Kuna mteja atapanda daladala kukutafuta.

Naweza kubandika meseji za wateja wanaonisifu?
Waombe ruhusa kwanza, na ufiche majina na namba za simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023.

Wateja wanataka kulipa baada ya kupokea. Nikubali?
Kwa Dar mimi nakubali. Bodaboda anasubiri, mteja anafungua, anajaribisha, analipa. Asipoipenda analipa nauli tu, na hilo nimeliandika juu ya kitufe cha kuagiza. Mikoani nalipwa kwanza, ila kabla ya kulipa nampigia video nikiwa nimeushika mzigo wake.

Nifute maoni mabaya?
Usifute. Mmoja aliandika zipu imekatika siku ya kwanza. Nikamjibu pale pale, nikamtumia gauni jingine, nikabandika na picha ya stakabadhi ya basi. Bado yapo.