Kuhariri Filamu Fupi Bila Kumtoa Mtazamaji Ndani ya Hadithi: Hatua Ninazozifuata Hapa Lamu

Mpwa wangu alinijia nyumbani Langoni akiwa na kompyuta yake na picha za muda wa saa 3 na dakika 40, zote za mbio za mashua, akitaka zimtolee filamu ya dakika 10. "Mjomba," aliniambia, "kila kipande kikiwa peke yake ni kizuri, lakini nikiviunganisha havipendezi." Tulikaa jioni tatu tukizihariri, na mwongozo huu ni yale tuliyoyafanya, pamoja na kosa langu moja la miaka ya nyuma ambalo nimemsimulia kila niliyemfundisha kazi hii.

Mtazamaji hajui mkato ni nini, yaani mahali kipande kimoja kinapoishia na kingine kuanza, wala hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba alikuwa ndani ya hadithi, kisha kitu kikamtoa. Uhariri mzuri ni ule usiomtoa, na vitu vinavyomtoa, kwa uzoefu wangu, vingi huingilia masikioni kabla ya kuingilia machoni. Ndiyo sababu hatua ya tano hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Kuhusu programu, mimi hutumia DaVinci Resolve ile ya bure, ingawa inahitaji kompyuta yenye nguvu. Mwenye kompyuta ya zamani atumie Kdenlive, ambayo nayo ni ya bure na haielemei mashine. Zile programu za simu zinazokukatia picha zenyewe kwa kufuata mdundo wa wimbo sizipendi, kwa kuwa mkato unatakiwa utokane na jambo linalotendeka mbele ya kamera, wala si na ngoma iliyopigwa studio mji mwingine. Namna ya kuingiza vipande katika programu na kuweka nakala kwenye diski ya pili sitaieleza.

Hatua ya kwanza: tazama kila kitu, na uandike kwa kalamu

Tazama vipande vyote tangu mwanzo hadi mwisho bila kukata chochote. Kila unapojikuta umeinua kichwa, umecheka au umeshtuka, andika jina la kipande na dakika yake. Hisia ya mara ya kwanza hairudi, na ndiyo iliyo karibu kabisa na ile atakayokuwa nayo mtazamaji wako. Mpwa wangu aliiruka hatua hii kwa kuwa alikuwepo mbioni na alidhani anazijua picha zake. Alikuwa anaukumbuka upepo na vigelegele, na kwenye picha havikuwamo.

Hatua ya pili: panga hadithi kwanza, urembo baadaye

Weka vipande kwa mpangilio, kila kimoja kikiwa kirefu kuliko unavyokitaka. Usiguse rangi wala maandishi.

Hatua ya tatu: hakikisha chombo kinakwenda upande mmoja

Mpwa wangu alipiga nusu ya picha akiwa ukutani mbele ya mji, na nusu nyingine akiwa kwenye boti upande wa Manda. Akiwa ukutani, mashua ziliivuka picha kutoka kushoto kwenda kulia, na akiwa ng'ambo ziliivuka kutoka kulia kwenda kushoto, ingawa baharini zilikuwa zikishika njia ileile. Alipoviunganisha vipande hivyo viwili, mama yake, ambaye hajawahi kuhariri hata picha ya harusi, aliuliza papo hapo, "Mbona chombo kimerejea?"

Chora mstari wa kufikirika unaofuata mwendo wa kitu unachokipiga, na kamera yako isalie upande mmoja wa mstari huo. Kanuni hiyo huitwa kanuni ya nyuzi 180, na huwahusu pia watu wawili wanaozungumza: ukiuvuka mstari ulio baina yao, wataonekana wote wanatazama upande mmoja, kana kwamba kila mmoja anazungumza na ukuta. Kama umekwisha kuuvuka, weka katikati picha isiyo na upande, kwa mfano mashua inayokuja moja kwa moja kwenye kamera, au onyesha chombo kikizunguka boya, ili mtazamaji auone mgeuko kwa macho yake. Sisi tulipata kipande cha sekunde 4 cha omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ikija mbele yetu, na kikatutatulia tatizo lote. Usigeuze picha kama kioo, kwa sababu maandishi ya kwenye tanga yatasomeka kinyume, na hapa mjini kila mtu anayajua matanga ya mashua hizo.

Hatua ya nne: amua mahali pa kukata

Walter Murch, mhariri wa picha na sauti wa Marekani, ameorodhesha vigezo sita vya mkato mzuri na kuvipa uzito: hisia 51 kwa mia, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho lilipo 7, na mwishoni mambo ya uelekeo wa picha na nafasi ya mahali, 5 na 4. Namheshimu sana kwa kuiweka hisia mbele. Hata hivyo, ukihariri mbio za mashua kwa ajili ya watu wa Lamu, hizo 5 na 4 zipandishe daraja, kwa kuwa mtazamaji anayejua upepo unavuma kutoka wapi hatahisi chochote mpaka kwanza aelewe chombo kinaelekea wapi.

Kata wakati kitu kinasogea. Ikiwa baharia anavuta kamba, kipande cha mbali kimalizike mkono ukiwa njiani, na kipande cha karibu kianze mkono ukiwa njiani vilevile. Jicho litaufuata mkono na halitauona mkato. Ukiunganisha vipande viwili vya mtu yuleyule vilivyopigwa karibu kutoka pembe ileile, kichwa chake kitaruka kama picha iliyokwama, kwa hiyo ama ubadilishe pembe kwa nyuzi 30 au zaidi, ama uweke picha nyingine baina yake. Ufifishaji wa picha kuingia katika nyingine uuweke akiba kwa ajili ya kupita kwa muda, na zile mbwembwe za picha kuzunguka na kupasuka waachie wenye matangazo ya harambee.

Hapa pana hatari moja. Karibu mwaka 1920 Mrusi Lev Kuleshov aliuunganisha uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na sahani ya supu, na jeneza, na mwanamke, na inasimuliwa kwamba watazamaji waliusifu uigizaji wake wa njaa, huzuni na matamanio, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Mpwa wangu alifanya jambo hilo bila kujua: aliweka uso wa nahodha mmoja mara tu baada ya mashua ya mpinzani kupita, na nahodha akaonekana mwenye kijicho. Tulipoichunguza saa ya kipande, uso huo ulipigwa dakika 20 kabla ya mbio kuanza, mzee akiwa anasubiri kahawa. Katika filamu ya kubuni hiyo ni ufundi. Katika filamu ya kweli, ya mtu utakayekutana naye kesho njiani, ni kumsingizia, nasi tuliuondoa.

Hatua ya tano: sauti, na hasa kilicho nyuma ya sauti

Miaka kadhaa iliyopita nilimhoji fundi wa mashua, mzee mwenye maneno mazuri, tukiwa tumeketi nje wakati wa alasiri. Katikati ya mazungumzo adhana ilianza, naye hakunyamaza, alishusha tu sauti, nami kwa ujinga wa kuogopa kupoteza maneno yake niliendelea kurekodi. Nyumbani nilichagua sentensi zake bora, nikazikata na kuziunganisha, nikafunika mikato kwa picha za mikono yake na randa. Kwa macho haikuonekana hata alama moja ya kukata. Nilipoionyesha barazani, mzee mmoja alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Muadhini wenu karuka maneno."

Na kweli aliruka. Nyuma ya sauti ya fundi, adhana ilitoka kwenye shahada ikatua kwenye "Hayya alal-falah", ikarudi kwenye takbiri, ikakatika. Mimi nilikuwa nikiyasikiliza maneno ya fundi peke yake, lakini hakuna mtu katika mji huu asiyeijua adhana kwa moyo, kwa hiyo kila mkato wangu ulisikika wazi kama sahani inayovunjika. Nilikaa usiku kucha hadi alfajiri nikijaribu kuitengeneza, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyojifunza usiku huo.

Kwanza, sauti mbili zilizoingia katika maiki moja si rahisi kuzitenganisha tena kama mafuta na maji. Vifaa vya kusafisha sauti huondoa vizuri mvumo usiobadilika, kama wa feni au jokofu, lakini sauti ya binadamu iliyo nyuma ya binadamu mwingine mara nyingi hutoka pamoja na nusu ya sauti unayoitaka, na anayehojiwa husikika kana kwamba anazungumza akiwa ndani ya mtungi.

Pili, kuongeza muziki juu yake hakufichi kitu, na adhana chini ya muziki ni jambo ambalo hadhira ya hapa haitakusamehe, na ni haki yao. Dawa iliyobaki ilikuwa kuiacha adhana yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila mkato, juu ya picha za fundi akiweka chini vifaa vyake na njia za mji zikitulia, na mahojiano kuyaanza baada yake. Nilipoteza sentensi nne nzuri sana. Sehemu hiyo ndiyo iliyosifiwa kuliko zote.

Tatu, kinga ni rahisi kuliko dawa: adhana ikianza, simamisha kamera na umwombe mnayezungumza naye mngoje, jambo ambalo ndilo adabu hata bila kamera. Wala usidhani imekwisha msikiti wa kwanza unaponyamaza, kwa maana misikiti yetu imekaribiana na haianzi kwa sekunde moja. Fanya vivyo hivyo punda anapolia, maana mlio wa punda una kupanda na kushuka kwake, na ukiukata katikati watoto watacheka hata kama filamu yako ni ya msiba. Injini ya boti pia ina hatari yake, kwa kuwa sauti yake hubadilika kadiri boti inavyosogea, na ukikata utasikia boti ya mbali imekuwa ya karibu ghafla.

Nne, kabla ya kuondoka mahali popote ulipopiga picha, waombe watu wote wanyamaze na urekodi ukimya wa mahali hapo kwa dakika 1 nzima. Hakuna mahali palipo kimya kikweli. Ua wa nyumba ya mawe una ukimya wake, ufuo wa Shela una wake, na mahali penye mikandaa pana wake. Ukimya huo uulaze chini ya mikato yote ya eneo hilo, na mapengo baina ya sentensi hayatasikika. Kusi likivuma, ivishe maiki kifuniko chenye manyoya, la sivyo kila kipande kitakuwa na upepo wake na mtazamaji atadhani ni siku tofauti.

Tano, usikate sauti na picha mahali pamoja. Acha sauti ya kipande kinachofuata ianze nusu sekunde kabla ya picha yake, yaani kama fremu 12 (fremu ni kila picha moja moja inayounda video) ukihariri kwa fremu 25 kwa sekunde. Watazamaji watasikia nyundo za mafundi, wataanza kujiuliza ni nini, kisha picha itawajibu. Katika kila kiungo cha sauti weka ufifishaji mdogo wa fremu 2 au 3, ili kusiwe na kile kimlio cha "tk".

Sita, kama umerekodi sauti kwa kinasa sauti na picha kwa simu, midomo itaanza sawasawa na sauti, lakini kufikia dakika ya kumi itakuwa imeachana nayo. Sababu ni kwamba simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu kwa sekunde. Huongeza na kupunguza. Pitisha picha zote kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza muundo wa video, uchague fremu 25 zisizobadilika, kisha ndipo uziingize kwenye programu. Kama umekwisha kuhariri kabla ya kufanya hivyo, pole, anza upya.

Haya yote yafanye kwa vipokea sauti vya kuziba masikio, si kwa spika za kompyuta, ambazo ndizo zilizonifichia adhana yangu.

Hatua ya sita: muziki

Weka kidogo, mwishoni, na kwa ruhusa ya mwenyewe.

Hatua ya saba: onyesha watu, lakini usitazame filamu

Tuliifunga kompyuta kwenye televisheni ya jirani, tukawaita watu saba, wanne kati yao wakiwa mabaharia. Mimi na mpwa wangu tuliketi pembeni tukiwatazama wao, kalamu mkononi. Usimuulize mtu kama filamu ni nzuri, kwa sababu atakujibu kwa adabu. Andika dakika ambayo mtu amechukua simu, ameuliza swali, au amemnong'oneza jirani yake.

Filamu wakati huo ilikuwa ya dakika 19. Katika dakika ya 4 watatu walizungumza kuhusu jambo jingine kabisa, na hapo palikuwa na sekunde 50 za machweo ambazo mpwa wangu alizipenda kuliko kitu chochote alichopiga. Katika dakika ya 13 hakuna aliyepepesa jicho, ingawa picha ilikuwa ikitikisika vibaya, maana mashua mbili zilikuwa zikigombania boya na maji yakiingia ndani. Machweo tuliyakata usiku uleule, yeye akiwa amenuna. Picha inayotikisika tuliiacha kama ilivyo, na baada ya kukata na kwingine, filamu ikatoka dakika 11 na sekunde 20.