Somo: Kulinda Kirikuu ya kazi na vifaa vya fundi (sanduku kwanza, traka mwisho)

Wakuu, somo hili ni la mafundi umeme, bomba, friji na aluminiamu wanaozunguka na Kirikuu ya pikapu, vifaa vikiwa nyuma. Limepangwa kwa kufuata hela inavyotakiwa kutumika. Wengi huanzia mwisho: wanafunga traka (kifaa cha kuonyesha gari lilipo), halafu drili na grainda zinachukuliwa gari likiwa limesimama palepale saiti. Traka inafuata gari, haifuati vifaa.

Hatua ya 1: Orodha na alama

Hatua hii haina gharama, na bila hiyo hata polisi wakikamata mali huna cha kuonyesha kwamba ni yako.

Kila kifaa cha umeme kipigie picha mbili: moja ya kifaa kizima, nyingine ya kibandiko chenye namba ya kiwandani. Risiti za EFD nazo zipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi ile hufifia ikikaa kwenye joto la gari mpaka haisomeki. Picha zote jitumie kwa barua pepe. Zikibaki kwenye simu tu, simu ikienda na begi, ushahidi umeenda nao.

Kwenye spana, koleo na kichwa cha grainda gonga namba yako ya simu kwa seti ya namba za kugongea za mm 4 au 5. Kwenye plastiki tumia ncha ya pasi ya kulehemu, na rudia alama ndani ya nafasi ya betri, mahali ambapo mwizi hakumbuki kukwangua. Namba ya NIDA usiiandike. Vifaa hupita mikono mingi. Kisha paka kila kifaa mstari mmoja wa rangi isiyo ya kawaida, mfano waridi. Rangi hiyo inakusaidia kuhesabu vifaa jioni kwa kutupa jicho tu, na mnunuzi wa mtaani huiogopa.

Hatua ya 2: Sanduku la chuma

Hapa ndipo hela yako iende kwanza. Shiti moja ya futi 8 kwa 4, unene wa mm 2, inatoa sanduku la sm 120 × 50 × 45. Kata hivi kwa kufuata urefu wa shiti: vipande viwili vya sm 50 (sakafu na kifuniko), viwili vya sm 45 (mbele na nyuma), vyote urefu wa sm 120. Kipande cha mwisho kinachobaki, chenye upana wa karibu sm 54, kinatoa mbavu mbili za 50 × 45, na juu yake unabaki na ukanda wa sm 9. Ukanda huo upasue mara mbili upate vipande vya sm 4 vya mdomo wa kifuniko.

Kwa nini mm 2 na si 3? Uzito. Sanduku la mm 2 lina kilo 43 hivi, la mm 3 linapita 60, na Kirikuu imetengenezwa kubeba kilo 350 tu. Shiti ya mm 1 nayo isikushawishi kwa bei, inakunjuliwa kwa bisibisi kubwa.

Mambo yanayoharibu masanduku mengi ya mtaani ni haya:

*Kifuniko hakina mdomo.* Mtaimbo unaingia kwenye upenyo na kifuniko kinanyanyuka. Chomelea ule ukanda wa sm 4 mbele na kwenye mbavu zote mbili, ukishuka nje ya sanduku. Ndani ya ukingo wa sanduku zungusha engo (chuma cha pembe) ya inchi 1, unene wa mm 3, ili ukingo usipinde.

*Bawaba ziko nje na ndizo tegemeo pekee.* Grainda inazikata upesi. Chomelea upande wa nyuma wa kifuniko kulabu mbili za flatibaa (chuma bapa) ya mm 5, ziwe zinaingia chini ya engo kifuniko kikifungwa. Bawaba zikikatwa, upande huo bado umeshikwa.

*Kufuli moja katikati.* Pembe zinabaki huru kunyanyuliwa. Weka mbili, kila moja sm 25 kutoka pembeni. Kila kufuli ifunikwe na kipande cha skweapaipu (bomba la mraba) ya inchi 4, urefu sm 10, kilichozibwa juu na kuachwa wazi chini tu. Mkono wako unapita na ufunguo, lakini mkasi wa kukatia nondo hauna pa kushika. Kabla ya kuchomelea, jaribu kwanza kama kufuli inaingia na kufunguka humo ndani.

*Sanduku limefungwa kwa bolti ambazo nati zake ziko chini ya gari.* Mtu analala chini na spana namba 19, anaondoka na sanduku zima. Kichwa cha bolti kiwe chini, nati iwe ndani ya sanduku. Tumia bolti 6 za M12. Kila bolti ichomelee kichwa chake kwenye pleti ya sm 8 × 8, unene mm 5. Kazi hiyo ifanyike mezani, si kwenye gari. Pleti inakaa chini ya sakafu ya bodi, bolti inapanda juu, ndani unaweka washa pana na nati yenye plastiki isiyolegea kwa mtikisiko.

Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uangalie. Kuna mipira ya mafuta, paipu za breki na nyaya. Toboa kwanza tundu la mm 5, angalia lilipotokea, ndipo upanue hadi mm 13. Kingo za tundu zipake redi oksaidi, la sivyo kutu itaanzia hapo na baada ya misimu michache ya mvua bolti itakuwa imeshika hewa. Ikilazimu kuchomelea chochote kwenye gari lenyewe, ondoa nyaya zote mbili za betri, na kibano cha ethi cha mashine ya kuchomelea kikae karibu na sehemu unayochoma.

Makufuli yawe ya kufunguka kwa ufunguo mmoja, na ufunguo huo usiwe kwenye shada la ufunguo wa gari. Ufunguo wa gari unampa saidia fundi asogeze gari. Wa sanduku unabaki kiunoni kwako. Kinachotoka kinatoka, sanduku linafungwa hapohapo, hata kama unapanda ghorofani dakika tano tu.

Hatua ya 3: Betri, vioo na spea taili

Betri ya Kirikuu ya pikapu inakaa chini ya bodi, mtu yeyote anaifikia. Pitisha juu yake flatibaa ya mm 25 × 3, ifungwe kwa kufuli ndogo au kwa nati za kichwa maalumu. Usiikaze mpaka igandamize betri, na weka mpira kati ya chuma na vichwa vya betri ili isipige shoti. Vioo vya pembeni na taa chora namba ya gari. Spea taili: mnyororo na kufuli.

Hatua ya 4: Swichi ya siri

Swichi hii unaificha, na ukiizima mwizi hawezi kuondoka na gari. Kwa Kirikuu ya pampu ya mafuta ya umeme, kata njia ya koili ya rilei ya pampu (rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo wa koili), yaani waya wa mguu wa rilei namba 85 au 86. Usikate waya mnene wa pampu yenyewe. Koili inakula kama A 0.15, pampu inakula ampia kadhaa. Swichi ya bei rahisi ikibebeshwa mzigo wa pampu inachemka, na siku moja gari linakuzimikia barabarani.

1. Tafuta rilei ya pampu. Ukiweka swichi ya gari ON bila kupiga stata, pampu huvuma sekunde 2 au 3. Chomoa rilei unayoidhania. Mvumo ukikosekana, ndiyo yenyewe.
2. Tafuta waya za koili kwa multimita: kati ya 85 na 86 utapata omu 70 hadi 100 hivi.
3. Kata waya mmoja, refusha ncha zote mbili kwa waya wa mm² 1 mpaka kwenye swichi. Maungio lehemu, usisokote tu, na funika vizuri.
4. Swichi iwe mahali unapofikia ukiwa umekaa, lakini isiwe chini ya usukani. Hapo ndipo panapopapaswa kwanza.

Injini inaweza kuwaka sekunde chache kwa presha iliyobaki kisha ikazima. Hilo ni la kawaida, na linamfanya mwizi adhani gari ni bovu.

Hatua ya 5: Traka

Sasa ndiyo wakati wake. Chukua yenye betri ya ndani, ili nyaya zikikatwa iendelee kutuma. Ifiche chini ya plastiki au kitambaa. Chini ya bati haipati setilaiti. Laini ya simu iliyo ndani yake iwe na salio muda wote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani. Kirikuu yangu ni ya zamani, ya kabureta. Hiyo swichi inafungwaje?

Jibu: Kaka, kwako kata umeme wa koili ya plagi, ila tumia rilei ya A 30, kwani huo ni mzigo mkubwa. Waya unaotoka swichi ya ufunguo ukate, upande wa chanzo uingie mguu wa rilei namba 30 ukiwa na fyuzi ya A 10, na 87 iende kwenye koili. 86 ichukue umeme wa ON kupitia swichi ya siri, 85 iende kwenye chuma cha bodi (ethi). Swichi hiyo usiiguse gari likitembea. Injini ikizima, nguvu ya breki inapungua.

Swali: Natumia Hiace, sakafu yake ni bati jepesi. Sanduku nalifungia wapi?

Jibu: Tumia matundu ya siti ulizotoa. Yameimarishwa kiwandani. Yasipolingana na sanduku, pitisha skweapaipu ya inchi 1½ juu ya matundu hayo, halafu sanduku lifungwe kwenye hiyo paipu kwa bolti za kutokea ndani.

Swali: Traka haimalizi betri? Gari naweza kuliacha wiki nikiwa safarini.

Jibu: Ikila mA 30, kwa siku ni Ah 0.7 hivi. Betri ya NS40 yenye Ah 35 inafika nusu baada ya wiki tatu na kidogo, kama betri ni nzima. Wiki moja haina shida. Betri iliyochoka ndiyo itakuangusha.

Swali: Nina bima kubwa. Vifaa vikiibwa ndani ya gari nalipwa?

Jibu: Bima kubwa inahusu gari. Vifaa vya kazi kwa kawaida havimo mpaka uvikatie bima yake, kwa orodha yenye namba na thamani. Muulize wakala akuonyeshe maandishi, usikubali la mdomo. Uliza pia kama wanalipa gari likiachwa bila kufungwa, au bila alama ya kuvunjwa.

Swali: Vikiibwa, kipi kinaanza?

Jibu: Usisogeze gari wala kushika kufuli iliyokatwa, piga picha. Piga 112 au nenda kituoni ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi (kwa ndugu wa Kenya ni namba ya OB), ukihakikisha namba za kiwandani zimeandikwa kwenye maelezo yako, si "drili moja ya kijani". Halafu tuma picha kwa mafundi wenzako na wauza vifaa vya mitumba siku hiyohiyo. Ukikiona kifaa chako dukani usikinyang'anye, rudi na askari na ile RB.