Kuhamia kwenye uvuvi: daftari kabla ya mashua

Wapo wanaotoka ofisini, darasani au gereji wakiwa na kiinua mgongo mkononi na wazo moja kichwani: kununua mashua. Baada ya mashua huja injini, kisha nyavu, kisha nahodha wa kukodi, na mwisho kabisa ndipo huulizwa swali lililopaswa kutangulia: samaki wenyewe wapo kiasi gani, na tayari wanavuliwa na nani? Kwa anayebadili kazi, ushauri wetu ni kwamba chombo kiwe ununuzi wa mwisho. Anza na daftari, na msimu mzima wa kushinda mwaloni au dikoni vyombo vinapotia nanga.

Daftari la nini

Andika tarehe, kama mwezi ni mchanga au mpevu, aina ya zana, ukubwa wa jicho la wavu, saa ambazo zana ilikaa majini, idadi ya mabaharia, lita za mafuta, kilo za kila aina ya samaki na bei waliyouziwa. Wageni huandika kilo tu, na kilo peke yake hudanganya. Chombo kilicholeta kilo 80 kwa saa nne na kilicholeta kilo 80 baada ya kulala majini siku mbili havikufanya biashara sawa. Ndiyo maana wataalamu hugawanya mavuno kwa nguvu ya uvuvi iliyotumika, mfano saa ambazo zana ilikaa majini. Jibu likishuka msimu hadi msimu huku jumla ya kilo ikibaki ileile, watu wanatoka jasho zaidi kupata kilekile.

Hata hesabu hiyo ina mtego wake. Katika miaka ya 1980 makadirio ya akiba ya chewa wa Atlantiki (cod) huko Newfoundland, Kanada, yaliegemea sana mavuno ya meli kubwa za kukokota nyavu. Meli hizo zilikuwa na mitambo ya kutafutia samaki na ziliwafuata palepale walipojikusanya, kwa hiyo mavuno kwa saa yalionekana mazuri huku bahari ikizidi kuwa tupu. Wavuvi wadogo wa pwani walikwisha kusema kwamba samaki wanapungua. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Kwa hiyo acha nafasi daftarini ya maneno ya wavuvi wakongwe, hasa pale yanapopingana na tarakimu zako.

Acha na safu ya urefu. Ubao wenye rula unatosha. Unaweza kupima toka mdomoni hadi ncha ya mkia, au hadi kwenye panda ya mkia. Ukishachagua moja usibadilishe. Pasua wachache uangalie mayai. Wengi wa wanaonaswa wakiwa hawajawahi kutaga, jicho la wavu ni dogo mno, na hiyo ni habari mbaya kwa yeyote anayetaka kuwekeza hapo. Angalia pia kama majike wakubwa bado wanaonekana, kwa maana kwa spishi nyingi jike mwenye uzito mara mbili hutaga mayai zaidi ya mara mbili. Uvuvi uliobaki na samaki wadogo tu umeshakula mbegu yake.

Hesabu ya chombo

Sehemu nyingi mabaharia hulipwa kwa mgawo, si kwa mshahara. Mafuta, barafu, chambo na chakula hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya chombo, zana na watu. Mgeni husikia bei ya mnadani, akaizidisha kwa kilo, akajiona tajiri. Asichokiona ni siku za kurudi mikono mitupu, ambazo mafuta yameungua vilevile, na nyavu zinazopotea. Wavu wa nailoni ukipotea hauozi upesi. Huendelea kunasa na kuua samaki ambao hakuna atakayewauza. Tia alama kwenye maboya yako, na weka fungu la matengenezo kabla ya kuhesabu faida.

Ukienda majini mwenyewe, tumia Mkataba namba 188 wa mwaka 2007 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), unaohusu kazi ya uvuvi, kama kipimo, hata kama nchi yako haijauridhia. Mkataba huo unadai cheti cha afya, makubaliano ya kazi ya maandishi, na kwa vyombo vinavyokaa majini zaidi ya siku tatu, mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Nahodha akikucheka kwa kuvaa jaketi okozi, tafuta nahodha mwingine.

Pesa iko kwenye barafu

Kama mtaji wako ni mdogo, mimi ningeuelekeza kwenye masanduku ya barafu kabla ya kitu chochote kinachoelea. Samaki huanza kuharibika akishakufa, na bakteria wa matamvuani na tumboni hufanya kazi haraka kadiri joto linavyopanda. Katika maeneo ya joto, kadiria kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Ipondwe, ipangwe tabaka kwa tabaka na samaki, na sanduku liwe na tundu la kutolea maji machafu. Kwa jodari, vibua na dagaa wa jamii ya sardini uzembe una hatari zaidi: wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mchuuzi aliyetapisha wateja mara moja hupata shida kuwarudisha.

Ujuzi uliotoka nao

Usimamizi wa uvuvi unahitaji watu ambao hawakuzaliwa wavuvi. Fundi wa magari anahitajika kwenye injini na mitambo ya baridi. Mhasibu kwenye ushirika ambao vitabu vyake havijawahi kufungwa. Mwalimu kwenye mikutano ya kukubaliana msimu wa kufunga maeneo ya mazalia. Mwongozo wa Maadili ya Uvuvi Wenye Uwajibikaji wa mwaka 1995, wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), unafaa kusomwa mapema, kwani sheria na sera nyingi za uvuvi zimechota humo. Lakini cheti hakitakufikisha mbali usipokaa na wavuvi wanapotengeneza nyavu. Afisa anayefika na faini tu huonyeshwa samaki wachache sana.

Ufugaji ni mlango mwingine, na si mdogo: mwaka 2022 wanyama wa majini waliofugwa duniani walizidi waliovuliwa kwa mara ya kwanza. Usiuone kuwa rahisi kwa sababu ni nchi kavu. Chakula mara nyingi humeza zaidi ya nusu ya gharama, na hewa ya oksijeni katika maji ya bwawa hupungua zaidi alfajiri, wakati mwenye bwawa amelala.

Daftari likikuonyesha kwamba chombo bado kinalipa, anza na leseni kabla ya kuzungumza bei. Sehemu nyingine idadi ya leseni imefungwa na mpya hazitolewi. Kwingine leseni hufuata chombo, au hufuata jina la mwenyewe na haihamishiki mashua ikiuzwa. Soma masharti ya zana na eneo yaliyoandikwa juu yake, kisha ulinganishe na nyavu unazouziwa pamoja na mashua. Muuzaji anayetaka malipo kabla hujaiona leseni, mwache.