Luau ya hotelini Hawaii: piga hesabu hivi kabla hujatoa kadi

Kama una safari ya Hawaii, iwe ni fungate, iwe ofisi imekupeleka mkutanoni ukaongeza siku zako mbili tatu, kuna swali litakukuta hata begi hujapanga: luau, ile sherehe yao ya jioni ya chakula na ngoma, tunaenda au hatuendi? Kila hoteli kubwa inayo, kila aliyefika huko ana picha amevishwa shada la maua shingoni, alafu unafungua ukurasa wa bei unakuta dola 150, kwingine 200, kwingine 250 kwa mtu mzima mmoja. Mkiwa wawili hapo mmeshagusa dola 400 kwa jioni moja, na bado kuna kodi kama asilimia 4.7, na bado bakshishi. Hiyo ni kama milioni moja ya Kitanzania imeenda kwa msosi na ngoma.

Siko hapa kukwambia uende au usiende. Nataka tuivunje hiyo bei vipande vipande ujue unanunua nini hasa, maana wengi wanaotoka pale wanalalamika walidhani wananunua chakula, na chakula pale ndo kitu cha mwisho unacholipia.

Kwa asiyejua, jioni yenyewe inaenda hivi. Unafika kama saa kumi na moja, mnapanga foleni, mnavishwa shada (maua halisi au la kombe, inategemea bei), mnapewa kinywaji, mnazungushwa kwenye vimeza vya kusuka majani na michezo ya kizamani, baadae mnaitwa kwenye shimo linaloitwa imu. Hii ni namna yao ya kupika, shimo ardhini, mawe ya volkano yaliyowaka moto, nguruwe mzima juu yake, majani ya migomba, magunia, kisha udongo, anakaa humo masaa na masaa. Vijana wawili wanaondoa udongo kwa koleo, wanavuta magunia, mvuke unapanda na harufu ya moshi inakufika mpaka ulipo, simu zote juu. Inapendeza kiukweli. Ila fikiria kidogo tu: mmekaa pale watu mia tatu, mia nne, na nguruwe ni mmoja. Nyama nyingi utakayokuta kwenye bafe imepikwa jikoni kwenye oveni kama kawaida. Na hoteli nyingi za Waikiki, ule mtaa wa mahoteli wa Honolulu, hazina hilo shimo kabisa, ni zege tupu kila mahali, kwa hiyo kama hilo ndo linakupeleka, uliza kabla hujalipa: imu ipo au haipo?

Haya, hesabu. Chukua tiketi ya dola 200. Toa chakula: sahani ya chakula cha Kihawaii kwenye mgahawa wa wenyeji, ukashiba, tuseme dola 30. Toa pombe: mai tai (kokteli ya ramu) mbili kwenye baa ya hoteli, tuseme dola 40, na pale luau nyingi unakunywa bila kulipa tena kwa sababu imeshawekwa ndani ya bei. Kinachobaki ni dola 130. Hiyo 130 ndo bei ya shoo, kiti, ufukwe na jua kuzama. Sasa jiulize hilo tu, sahau mengine yote: ningelipa dola 130 kukaa kiti hiki kuangalia ngoma hii? Kama jibu limekuja haraka kwamba ndio, lipa uende zako. Ukijikuta unatafutatafuta sababu, basi ndo umeshajijibu.

Na hapa kuna jambo ambalo kwetu sisi ni kubwa kuliko kwa Mmarekani. Wewe ni Muislamu, au hunywi tu, na nguruwe hugusi? Basi bei yako siyo ile ile, hata kama umelipa sawa na jirani yako. Yule anakunywa glasi nne anarudisha hela yake, wewe unakunywa juisi ya nanasi kwa bei ya ramu. Alafu nguruwe haishii kwenye ile sahani inayoonekana, kuna laulau, ile iliyofungwa kwenye majani ya magimbi, ndani mara nyingi ni nguruwe pia, kwa hiyo usichukue kwa kuona majani ukadhani mboga. Kama unazingatia halali hata kuku usimtegemee, baki na samaki, viazi vitamu, wali na haupia, ile ya nazi iliyogandishwa inakatwa vipande vya mraba, tamu. Luau kadhaa zina tiketi ya bei nafuu kwa asiyekunywa, ila hawaitangazi kwa herufi kubwa, lazima uitafute au upige simu.

Kuhusu poi nisipoongea watu wa nyumbani watanilaumu. Ni magimbi (nduma kwa Wakenya) yaliyochemshwa yakapondwa na maji mpaka yakawa uji mzito wa rangi ya zambarau iliyochujuka kijivu. Hotelini wanakuwekea kwenye kikombe kidogo cha karatasi, mtu anachovya kijiko, anakunja uso, anasukuma pembeni, na anarudi kwao kusema poi mbaya. Sasa wewe ungelamba ugali mtupu bila mboga ungesemaje? Wenyeji wanaila na kitu cha chumvi, ile nyama ya imu au samaki wa lomi, samaki aina ya salmoni aliyetiwa chumvi akachanganywa na nyanya na vitunguu, na wengine wanaiacha siku mbili tatu ichachuke kidogo ndo wanaipenda zaidi. Ukila hivyo inaeleweka.

Ila kama shida yako ni chakula, jamani, usiende luau. Nenda Helena's Hawaiian Food pale Kalihi, Honolulu, wapo tangu 1946, au Highway Inn ambao walianza Waipahu mwaka 1947, hao ndo wapishi. Uliza squid luau, ngisi au pweza ndani ya majani ya magimbi na tui la nazi, mtu wa pwani hapo unaweza kusahau uko bahari gani. Na kwenye bafe ya hoteli kitu kama hicho hukikuti mara nyingi, kwa sababu bafe imepikwa kwa mtu ambaye hataki kushtuka.

Turudi kwenye shoo, maana ndo unayolipia. Hapa watu wanachanganya. Kinachochezwa kwenye luau nyingi za hoteli ni mseto wa visiwa vyote vya Pasifiki. Wale wanaotikisa nyonga haraka kama zimefungwa mota, hiyo ni ya Tahiti. Ngoma ya haka ni ya Wamaori wa Nyuzilandi. Na yule jamaa wa mwisho anayerusha kisu kinachowaka moto ncha zote mbili, ambaye ndo kila mtu anamsubiri, huyo ni utamaduni wa Samoa, siyo Hawaii. Ni kama hoteli za Diani au Nungwi zinavyoleta vijana wa Kimasai waruke mbele ya wageni, mgeni anarudi kwao anasema ameona utamaduni wa pwani. Kosa siyo la wachezaji, wengi ni mafundi hasa, ila ujue unachoangalia.

Hula, ngoma ya Hawaii yenyewe, ni kitu kingine. Ipo ya zamani, kahiko, inachezwa kwa kuimbwa mashairi na kupigwa kibuyu au ngoma, hakuna gitaa hapo, na ipo ya kisasa, auana, ndo ile laini ya ukulele, kile kigitaa kidogo (na ukulele yenyewe ina asili ya Wareno waliotoka Madeira wakafika Honolulu mwaka 1879). Hula ilishawahi kubanwa, Malkia Kaahumanu aliyekuwa ameingia Ukristo aliipiga marufuku hadharani mwaka 1830, ikaendelea chini chini mpaka Mfalme Kalakaua akairudisha kwa heshima kwenye sherehe zake za kutawazwa mwaka 1883. Kwa hiyo unapochagua luau, tafuta kama wametaja kumu hula wao, yaani mwalimu aliyewafundisha wachezaji. Wakimtaja kwa jina na wakaeleza ngoma zinahusu nini, hiyo ni dalili nzuri. Tangazo lote likiwa ni picha za moto na glasi za pombe, utapata moto na glasi za pombe, ambayo pia siyo dhambi kama ndo unachotaka, watoto wa kiume wa miaka minane hawataki kingine chochote.

Mifano miwili tofauti kabisa. Old Lahaina Luau kule kisiwa cha Maui, wao siyo ya hoteli, wapo tangu 1986, wanaegemea ngoma ya Kihawaii na kisu cha moto hawana makusudi. Moto wa Agosti 2023 uliunguza sehemu kubwa ya mji wa Lahaina lakini pao palisalimika, wakafungua tena Machi 2024. Bei yao siyo ndogo na nafasi zinaisha mapema sana, ila ukiuliza ipi inafanana na bei yake mimi ndo ningeanzia hapo. Ya pili ni Polynesian Cultural Center, Laie, upande wa kaskazini wa Oahu, kisiwa chenye Honolulu, ilifunguliwa 1963, ni ya kanisa la Wamormoni na wengi wanaofanya kazi pale ni wanafunzi wa chuo chao kilicho jirani. Pombe hakuna kabisa, kwa hiyo asiyekunywa hamlipii mtu mwingine bia, unazunguka vijiji vya visiwa sita mchana kutwa, alafu luau, alafu shoo kubwa usiku. Ni siku nzima, na mpaka Waikiki ni kama saa nzima barabarani, na Jumapili wamefunga.

Viti. Watakuuzia viti vya mbele kwa dola 30 mpaka 60 zaidi, na faida yake ni mbili, unaona vizuri na meza yako inaitwa kwanza kwenye bafe. Meza za nyuma zinaitwa mwisho, unaweza kuwa ndo kwanza unapakua wali na shoo imeshaanza. Luau yenye watu wengi na jukwaa la chini, lipa au tafuta nyingine ndogo. Ikiwa ndogo usilipe, ni kupoteza hela tu. Na kabla ya kuchagua kiti jua jua linazama wapi: Kaanapali na Wailea za Maui, Ko Olina ya Oahu na pwani ya Kona kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii zinaangalia magharibi, hapo jua unaliona linaingia baharini. Desemba linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, Juni linachelewa mpaka saa moja na robo, kwa hiyo ukienda Desemba usilipie machweo ambayo yataisha uko kwenye foleni ya shada.

Gharama za pembeni pia. Kutoka Waikiki mpaka Ko Olina foleni ya jioni ni balaa, basi lao unalipia juu ya tiketi, na picha wanayokupiga mlangoni usiku watataka kukuuzia. Mvua ikinyesha mara nyingi shoo inaendelea, soma masharti ya kurudishiwa hela, hasa upande wa mashariki wa visiwa ambako mvua ni ya kila mara. Beba kanga au kitenge, upepo wa baharini usiku unauma, na pia hutaonekana kituko, nusu ya watu pale wamejifunga vitambaa kiunoni.

Umepiga hesabu ukaona haikai? Ufukwe wa Kuhio pale Waikiki, karibu na sanamu ya Duke Kahanamoku, kuna hula ya bure jioni kwa siku fulani za wiki, ya saa nzima, mnakaa kwenye majani na mkeka wenu, na siku zenyewe hubadilika kwa hiyo angalia kabla. Au nenda hoteli ya Halekulani, hapo hapo Waikiki, kwenye ile baa yao ya nje, House Without a Key, unanunua kinywaji kimoja, hata soda, unaangalia hula wakati jua linazama. Na kwa mlioko Marekani bara, vyuo vingi vyenye wanafunzi kutoka Hawaii wanafanya luau yao kila msimu wa machipuko, wanapika wenyewe wanacheza wenyewe, tiketi ni sehemu ndogo tu ya bei ya hoteli, na wazazi wanasafiri kutoka visiwani kuja kusaidia kupika. Hata huko huko Hawaii, ukibahatika kualikwa kwenye luau ya mtoto kutimiza mwaka mmoja, acha hoteli zote uende hiyo, ila usiende mikono mitupu.

Ukishaamua kwenda hotelini, usikate tiketi ya usiku wa kwanza. Mwili uliotoka New York majira ya joto uko mbele kwa saa sita, kisu cha moto kinaingia jukwaani kwenye saa mbili usiku ambayo kwako ni saa nane za usiku, na mtoto uliyemlipia tiketi atakuwa amelala mezani kando ya sahani ya haupia. Kata ya usiku wa tatu au wa nne, na uache siku moja nyuma yake endapo mvua itawafanya waahirishe.