Maji mangapi yatashuka kwenye mteremko wako? Pima mwenyewe

Kila masika hapa Morogoro hupigiwa simu ileile: mtaro umebomoka, maji yameingia uani, mvua ya safari hii si ya kawaida. Nikifika nauliza maswali mawili. Ilinyesha milimita ngapi? Na udongo wa kule juu hunywa kiasi gani kwa saa? Ni nadra kupata jibu, ingawa yote mawili hupimwa kwa chupa, debe, rula na saa ya simu, kabla hujamlipa fundi hata shilingi.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi

Kidakio ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake hushukia mahali pamoja. Mto Ruvu una kidakio chake; na karavati la mbele ya nyumba yako lina chake pia. Panda hadi kwenye mgongo wa kilima. Tone linaloangukia upande huu ni lako, la upande wa pili ni la jirani. Tembea ukiufuata mgongo huo hadi uzunguke eneo lote, huku programu ya kupimia shamba kwenye simu ikikuhesabia ukubwa.

Barabara huvuruga mipaka hii. Mtaro wake unaweza kuzoa maji ya mteremko mwingine kabisa na kuja kukumwagia wewe, na ramani haitakuonyesha hilo. Kwa hiyo rudia matembezi siku ya mvua, umevaa gambuti.

Hatua ya 2: Pima mvua

Chukua chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, ikate sehemu ya juu, kisha uirudishe ikiwa kichwa chini kama faneli, bila kifuniko. Weka kokoto kwenye kitako, mimina maji hadi pale chupa inapoanza kunyooka, na upige alama ya sifuri. Simika chupa mahali wazi: kama kuna mwembe wa mita 6, kaa mita 12 au zaidi kutoka hapo. Soma kwa rula, kuanzia alama ya sifuri, kila siku saa 3 asubuhi, kisha rudisha maji kwenye sifuri.

Andika pia mvua ilianza na kukatika saa ngapi. Milimita 40 za usiku kucha hazibomoi kitu. Milimita 40 za saa moja ni habari nyingine.

Hatua ya 3: Uliza udongo

Hapa ndipo watu wengi huruka, nami niliwahi kuruka. Kata debe la lita 20 juu na chini, libaki bomba tupu. Weka ubao juu yake, ligonge taratibu hadi lizame sentimita 5 hivi. Lizungushie tuta dogo la udongo na ujaze maji katikati ya tuta na debe, la sivyo maji ya ndani yatatorokea pembeni na udongo utaonekana mnywaji kuliko ulivyo. Mimina maji ndani ya debe hadi sentimita 10, kisha soma rula kila baada ya dakika 5, ukiongeza maji yakipungua.

Udongo mkavu huanza kwa pupa, halafu hutulia. Namba unayoitaka ni ile ya mwisho, pale maji yanapopungua kiasi kilekile kwa vipimo vitatu mfululizo; zidisha milimita hizo za dakika 5 kwa 12 upate za saa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichukua dakika 5 za mwanzo, nikachora mtaro mwembamba. Mvua kubwa ya kwanza iliupita juu kwa juu. Mzee mwenye shamba alinitazama tu, hakusema neno.

Kwa kukadiria: mchanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa, tifutifu 10 hadi 20, mfinyanzi 1 hadi 5. Lakini pima penye nyasi, penye mahindi na kwenye njia ya ng'ombe, kila mahali peke yake. Udongo ni uleule, majibu yatatofautiana sana.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme kidakio chako ni hekta 2, yaani mita za mraba 20,000, na zimenyesha milimita 40 kwa saa moja. Jumla ni lita 800,000. Udongo ukinywa milimita 15, zinabaki 25 za kutiririka: lita 500,000, karibu lita 139 kila sekunde. Ukitandaza mabua shambani na kuchimba makinga maji, udongo ukafika milimita 30, zinazotiririka ni lita 200,000 tu. Mvua haikupungua hata tone.

Hesabu hii ni ya udongo wenye nafasi. Mwishoni mwa Aprili ardhi huwa imeshiba, na hata mvua ya rasharasha hutiririka karibu yote. Rudia kipimo cha debe wakati huo, na mtaro uuchore kwa namba ya Aprili.